Mtoto asiyelia akianguka na anayemfuata kila mgeni: je, huku ni kuvurugika kwa mfungamano?

Mlezi wa Moro ameuliza:

Ndugu zangu wanajukwaa, salaam. Mimi na mume wangu tunaishi Morogoro, na miezi 5 iliyopita, baada ya kupitishwa na Ustawi wa Jamii kuwa familia ya kuaminika, tulikabidhiwa mtoto wa kike ambaye sasa ana umri wa miaka 3 na miezi 4. Aliingia katika makao ya watoto akiwa na wiki chache tu tangu kuzaliwa, akakaa huko mpaka siku tuliyomchukua. Walezi wa pale walifanya kazi kwa zamu, na katika chumba chake mlezi mmoja alihudumia watoto zaidi ya kumi kwa wakati mmoja.

Aliniita mama saa ile ile tuliyotoka getini, nami nikalia kwa furaha. Baadaye nikagundua kwamba anamwita mama jirani yetu, mwuza mboga, na hata abiria aliyekaa naye kwenye daladala. Mwezi uliopita tukiwa sokoni alimshika mkono mwanaume asiyemjua akaondoka naye, na nilipokuwa nikimkimbilia niliona jambo ambalo halijanitoka moyoni mpaka leo: hakugeuka hata mara moja kuangalia kama nipo. Akianguka halii. Aliwahi kuteleza kwenye ngazi akapasuka goti, akaifuta damu kwa gauni lake na kuendelea kucheza, wala hakuja kwangu. Usiku nikiamka kumwangalia, mara nyingi namkuta amekaa kitandani gizani, macho wazi, kimya. Huficha vipande vya ugali chini ya mto.

Ndugu wanamsifu. Mama mkwe wangu anasema hajapata kuona mtoto asiyesumbua kama huyu, na wageni wanasema ni mchangamfu kwa sababu huwarukia mapajani kabla hawajaketi. Mimi nina mtoto mwingine, wa kumzaa, ambaye sasa ana miaka 9, na katika umri huu alinidekea mpaka nikachoka. Huyu hadeki kabisa.

Mtu mmoja anayejitambulisha kama mshauri wa malezi ameniambia kwamba mtoto ana ugonjwa wa kushindwa kupenda, na kwamba dawa yake ni kumshika kwa nguvu na kumbana mpaka alie na kusalimu amri. Sikufanya hivyo, ila maneno yake yameniogofya. Je, kuna ugonjwa wa namna hiyo? Na je, ipo siku atanijua kuwa mimi ndiye mama yake?

---

Mwanasaikolojia Dodoma amejibu:

Dada Mlezi wa Moro, pole, na pia hongera. Ninafanya kazi na watoto wadogo na walezi wao. Siwezi kumpima mtoto kwa kusoma maelezo yako, lakini uliyoyaandika yanatosha kunifanya nikusihi umfikishe kwa mtaalamu, na yananiruhusu kukueleza jinsi ninavyoyaelewa.

Nianze na neno lako la mwisho, kudeka, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu. Mtoto hamdekei kila mtu. Humdekea yule ambaye amekwisha kumjaribu mara mamia, akaona kwamba akilia anakuja, akiumia anampuliza kidonda, akiogopa anambeba. Bila shaka umewahi kuona mtoto aliyeshinda kwa jirani bila neno lolote akaangua kilio mara tu mama yake alipotokea mlangoni, na jirani akalalamika kwamba alikuwa ametulia mpaka mama alipokuja. Mtoto yule hakuharibiwa na ujio wa mama. Alikuwa ameyaweka machozi yake mpaka afike mtu wa kuyapokea. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu asiyelia, asiyeomba na asiyesumbua hatupi sababu ya kumsifu adabu yake. Huenda alikwisha kujifunza, kabla hajajua kusema, kwamba kilio hakileti mtu.

Uhusiano huu wataalamu huuita mfungamano. Nadharia yake ilijengwa na daktari wa akili Mwingereza, John Bowlby, ambaye mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti juu ya watoto waliokosa malezi ya mama. Hata hivyo, miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuuchunguza mfungamano majumbani, kwa kukaa na kutazama, alikuwa mwanasaikolojia Mary Ainsworth, na aliifanya kazi hiyo hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Alifika Uganda mwaka 1954, akatembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala, na kuwafuatilia watoto wachanga 28 kwa kuwarudia kila baada ya wiki mbili kwa miezi kadhaa. Aliwaona wakitambaa kutoka kwa mama kwenda kuchunguza vitu, wakigeuka kumtazama, wakirudi kumgusa, kisha wakienda tena. Huko kugeuka nyuma ndiko ulikokukosa sokoni, na moyo wako haukukosea kushtuka. Niongeze kwamba watoto wale hawakushikamana na mama peke yake. Walikuwapo pia bibi, baba na ndugu wengine, na hilo halikuwadhuru. Kinachomdhuru mtoto ni walezi wasiodumu.

Sasa kuhusu ugonjwa. Yapo matatizo mawili yanayotambuliwa, na tangu toleo la mwaka 2013 la mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani yanatajwa kama matatizo mawili tofauti. Uainishaji wa sasa wa Shirika la Afya Duniani nao umeyatenga hivyo hivyo. La kwanza ni la mtoto anayejifunga: hatafuti faraja akiumia, hata akifarijiwa hatulii, hacheki sana, na huweza kuwa na woga au hasira isiyoeleweka mbele ya mlezi asiyemtendea ubaya wowote. La pili ni la mtoto asiye na mpaka na wageni: huwaendea, huwakumbatia, huondoka nao bila kusita na bila kumtazama mlezi wake kwanza. Mtoto wako, kwa ulivyoeleza, anaonyesha dalili za tatizo la pili waziwazi, na chembe za lile la kwanza. Katika yote mawili sharti moja haliepukiki: lazima iwepo historia ya kukosa malezi kwa kiwango kikubwa sana, yaani kutelekezwa, kubadilishiwa walezi mara kwa mara, au kulelewa mahali ambapo watoto ni wengi na walezi ni wachache. Mtoto huhesabiwa kuwa na tatizo hili kuanzia pale makuzi yake yanapofikia walau ya miezi 9, kwa kuwa kabla ya hapo mfungamano wenyewe haujakomaa. Unaona basi kwamba maneno "ameshindwa kupenda" yanamtwisha mtoto kosa lisilo lake. Aliyoyakosa ni malezi, na ndiyo maana wataalamu wanayaweka matatizo haya katika fungu la madhara ya misukosuko.

Tunayajua mengi ya haya kwa sababu ya msiba wa Romania. Utawala wa kidikteta wa Ceaușescu nchini humo ulipoanguka Desemba 1989, dunia iliona zaidi ya watoto 100,000 wakiishi katika taasisi, wengi wao wakiwa wamelishwa na kuvishwa lakini hawajabebwa. Miaka ya mwanzoni mwa 2000, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 wa Bucharest waliokuwa na umri kati ya miezi 6 na 31, nusu yao wakipelekwa kwa kura katika familia za malezi ya kambo ambazo watafiti walilazimika kuziandaa wenyewe, kwa sababu mjini hapo karibu hazikuwapo. Dalili za kujifunga zilipungua upesi mno mara watoto walipopata mlezi wao. Dalili za kuwachangamkia wageni zilipungua polepole zaidi, na kwa baadhi yao zilibaki kwa miaka. Waliohamishwa kabla ya kutimiza miezi 24 walifanikiwa zaidi kujenga mfungamano salama.

Tafadhali usiisome sentensi hiyo ya mwisho kama mlango uliofungwa kwa mtoto wako. Hicho ni kipimo cha wastani, na katika uchunguzi wa Uingereza ulioongozwa na Michael Rutter juu ya watoto walioasiliwa kutoka Romania, walikuwapo waliokaa muda mrefu katika taasisi ambao hawakuwa na tatizo hata walipofikia utu uzima. Ninachotaka ukijue mapema ni jambo moja ambalo walezi wengi hulichukua vibaya: mtoto anaweza kushikamana nawe kweli kweli, na bado akaendelea kuwakimbilia wageni. Ukimwona akimrukia mgeni mwaka ujao, usihitimishe kwamba hajakujua.

Kuhusu kumbana kwa nguvu, nitasema bila kupunguza ukali: usifanye, wala usimruhusu mtu yeyote amfanyie. Mwezi Aprili 2000 katika jimbo la Colorado, Marekani, msichana wa miaka 10 aliyekuwa ameasiliwa alikufa kwa kukosa hewa baada ya watu waliodai kutibu mfungamano kumfunga katika shuka na kumgandamiza kwa mito akilia kwamba hawezi kupumua. Jimbo hilo lilipiga marufuku mbinu hiyo mwaka uliofuata, na mwaka 2006 jopo la wataalamu wa Marekani wa masuala ya ukatili dhidi ya watoto lilitahadharisha vikali dhidi ya mbinu hizo zote za kumlazimisha mtoto. Mtoto aliyejifunza kwamba watu wazima hawaaminiki hawezi kujifunza kinyume chake kwa kutishwa na mtu mzima.

Kabla ya kumpa tatizo hili jina, apimwe kwanza usikivu, lishe na makuzi ya lugha, kisha mtaalamu atofautishe na usonji. Hapa makosa hutokea sana. Mtoto mwenye usonji anaweza kuwa na mfungamano mzuri na mama yake huku akikosa njia ya kawaida ya kuuonyesha, na kwa kawaida ataonyesha pia kurudiarudia vitendo na kushikilia utaratibu ule ule.

Nyumbani, jambo la kwanza ni kumfariji hata kama hajaomba. Akianguka na kunyamaza, wewe nenda, piga magoti, sema "umeumia, pole, nipo", umwoshe goti. Usingoje dalili ya kuhitajiwa, kwa sababu ishara hiyo ndiyo aliyoizika. Usiku ukimkuta amekaa, kaa naye. Kwa miezi kadhaa kumlisha, kumwogesha na kumlaza kufanywe na wewe na baba yake tu, hata kama shangazi wana hamu. Wageni waombwe kwa upole wasimpakate; akiwarukia, wamwambie "twende kwa mama kwanza", na zawadi yoyote ipitie mkononi mwako. Ukitoka, muage, hata kama hataonyesha kujali. Tabia yetu ya kumtoroka mtoto ili asilie ni mbaya kwa kila mtoto, na kwa huyu ni mbaya maradufu. Ugali ulio chini ya mto usiuondoe kwa hasira. Mpe kibakuli chenye kifuniko, kiwe na kiazi au chapati, ajue kwamba ni chake na kipo asubuhi. Na neno "nitakurudisha" lisitamkwe ndani ya nyumba hiyo, hata kwa utani, hata na mtoto mwenzake.

---

Mama Mlezi Mstaafu amejibu:

Mwanangu, nimesoma nikiwa na uzito moyoni, kwa kuwa nilikuwa mmoja wa wale walezi wa zamu. Nimefanya kazi hiyo kwa miaka 19 katika makao ya watoto huko Tanga, na ninaomba wasomaji waelewe kwamba hatukuwa watu wasio na huruma. Ukiwa na watoto 12 na chupa 12 za maziwa, mtoto anayelia sana unamfikia wa kwanza kwa mara chache za mwanzo, kisha unachoka, na yule anayenyamaza unamshukuru Mungu kwa ajili yake. Tuliwaita watoto wa namna hiyo watulivu. Nilikwisha kustaafu nilipofundishwa kwamba nilipaswa kuwaogopea hao zaidi.

Namkumbuka mvulana mmoja aliyekuwa akilala ameutazama ukuta. Ukimnyanyua aliukaza mwili kama ubao, na ukimweka chini hakulalamika. Alipofikisha karibu miaka miwili alichukuliwa na bibi mmoja mzaa baba aliyepatikana baada ya ustawi kumtafuta kwa muda mrefu. Bibi yule hakuwa na elimu ya mambo haya. Alimfunga mgongoni kwa kanga, akalima naye, akapika naye, akaenda naye msibani na harusini, na alipokwenda naye kisimani aliongea naye njia nzima kana kwamba mtoto anajibu. Nilipowatembelea baada ya miezi minane, mtoto alijificha nyuma ya gauni la bibi akakataa kunipa mkono. Mwenzangu tuliyeongozana naye alisikitika kwamba ametusahau na amekuwa mwoga, ilhali mimi nilifurahi kuliko siku zote za kazi yangu.

Nina jambo la kukuuliza. Hata katika makao, mara nyingi huwepo mlezi mmoja, aghalabu wa zamu ya usiku, ambaye mtoto fulani humpenda zaidi. Je, uliwahi kuuliza ni nani kwa mtoto wako, na walikuwa wakimwita jina gani? Tulikuwa na majina yetu ya kuwabembelezea, nayo hayakuandikwa kwenye faili. Kwako alianza maisha mapya, lakini kwake alipoteza siku moja vitanda vyote, sauti zote na harufu zote alizozijua, hata kama zilikuwa duni. Huenda anapokaa gizani usiku anasubiri zamu ibadilike. Ukiweza, mwombe mlezi huyo aje nyumbani kwako, anywe chai, mtoto aone kwamba mnafahamiana, kisha aage aondoke na wewe ubaki.

---

Baba Pacha ameuliza:

Shikamooni wakubwa. Mjadala huu umenigusa, nami nina hofu yangu. Mimi na mke wangu sote tumeajiriwa, na pacha wetu wana miaka 2. Tangu wazaliwe tumebadilisha dada wa kazi mara 4, na huyu wa mwisho alipoondoka mmoja wao aligoma kula kwa siku mbili. Je, tumewasababishia tatizo hili?

---

Mwanasaikolojia Dodoma amejibu:

Marahaba, Baba Pacha. Kwa maelezo yako, hapana. Watoto wanaolala na kuamka na wazazi wao, wanaobebwa na kusikilizwa kila jioni, hawamo katika kundi tunalolizungumzia hapa, na lingekuwa jambo la kusikitisha kama kila mzazi mfanyakazi angetoka katika mjadala huu akijihesabu kuwa ametelekeza. Hata mfungamano wenye mashaka, yaani wa mtoto asiye na uhakika kamili na mlezi wake, ambao watoto wengi wa kawaida wanao, hauhesabiwi kuwa ugonjwa.

Lakini mtoto wako aliyegoma kula alikuwa akiomboleza, na maombolezo yake ni ya haki. Kwetu dada wa kazi huondoka alfajiri watoto wakiwa wamelala, na jina lake halitajwi tena, hasa kama ameondoka kwa ugomvi. Mtoto wa miaka miwili hajui habari za mshahara. Anajua kwamba mtu aliyemwogesha kila siku ametoweka na hakuna anayeshangaa. Safari nyingine wapeni nafasi ya kuagana, tajeni jina lake, waonyesheni picha yake, mpigieni simu kama inawezekana. Na kama bajeti inaruhusu kumlipa vizuri zaidi yule anayewapenda watoto ili adumu, sijui matumizi bora zaidi ya fedha hiyo.

Mama Mlezi Mstaafu, shikamoo. Ulichosema kuhusu zamu ya usiku sikukifikiria, na nimekiandika kwenye daftari langu la kazi.

---

Mlezi wa Moro ameandika:

Shikamoo Mama, na asante sana Mwanasaikolojia. Nimeyasoma majibu yenu pamoja na mume wangu, na tumeyarudia.

Leo asubuhi nilimpigia afisa ustawi wa jamii wetu. Amekubali kutuandikia barua ya rufaa ili mtoto apimwe usikivu na makuzi kabla ya kuonwa na mtaalamu wa saikolojia, na ameniambia pia kwamba wapo watendaji wa malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto katika kata yetu ambao sikuwahi kuwasikia, waliofundishwa chini ya programu ya taifa iliyozinduliwa Desemba 2021. Nilimwuliza kuhusu mlezi wa usiku. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema yupo, na kwamba siku tuliyomchukua mtoto mama huyo aliomba kubadilishiwa zamu ili asiwepo. Mtoto walikuwa wakimwita Kidoti. Mlezi huyo tutamkaribisha Jumamosi.

Nilimpangia mtoto kuanza chekechea Januari, sasa nimeahirisha, na mwajiri wangu ameniruhusu kufanya kazi nusu siku kwa miezi mitatu. Mama mkwe hajafurahishwa na katazo la kumlisha, anaona nambagua. Mume wangu ameahidi kuzungumza naye mwenyewe, kwa kuwa ni mama yake.

Jana usiku nilimkuta tena amekaa. Nikaketi pembeni ya kitanda bila kuwasha taa, nikamwambia kwamba zamu haibadiliki hapa, usiku ni mimi na asubuhi ni mimi. Nilimwekea mkono karibu na mkono wake. Hakuushika, wala hakuuondoa wake. Tulikaa hivyo mpaka akasinzia, kama saa moja na nusu, nami nimeamua kwamba nitakuwa nikifanya hivyo kila usiku nitakapomkuta macho. Nitaandika tena baada ya Jumamosi.